Leseni ya rubani binafsi nchini Kenya: hatua kwa hatua, ukianzia kwa daktari

Kijana akija kuniuliza, "Mwalimu, karo ni kiasi gani?", namrudishia swali: umeshapimwa na daktari wa anga? Wengi hawajapimwa. Nimemwona mzazi aliyeuza kipande cha shamba akalipia kozi nzima kwa mpigo, na mwezi wa pili kijana akakwama kwenye kitabu cha Ishihara, zile kurasa za vitone vya rangi zenye tarakimu ndani yake. Nyekundu na kijani kwake zilikuwa kitu kimoja, na miaka yote hiyo hakuwa akijua. Tangu siku hiyo nafundisha utaratibu mmoja tu: linaloweza kukuzuia lije kwanza, pesa nyingi zije baadaye.

Ninayoeleza hapa ni leseni ya rubani binafsi, PPL, kwa utaratibu wa Kenya unaosimamiwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Msingi wake ni Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa usafiri wa anga wa kimataifa, kwa hiyo msomaji wa Tanzania, Uganda au Rwanda ataona mengi yanafanana na ya kwao. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina hata wakala wa usalama wa anga, CASSOA, pale Entebbe, wa kuoanisha kanuni za nchi wanachama. Leseni hii inakuruhusu kurusha ndege na kubeba watu, ila si kwa malipo. Anayetaka mshahara ataendelea hadi leseni ya biashara, CPL.

Hatua ya 1: Daktari wa anga

Si kila daktari anaweza kutoa cheti hiki. Ni lazima awe ameidhinishwa na mamlaka, na KCAA wanayo orodha yao. Rubani binafsi anahitaji cheti cha daraja la pili, rubani wa biashara daraja la kwanza. Kama nia yako ni kuajiriwa, pimwa daraja la kwanza tangu siku ya kwanza, hata kama kwa sasa la pili lingetosha. Gharama inazidi kidogo, lakini utajua mapema kama njia iko wazi hadi mwisho.

Miwani haikuzuii. Kinachotakiwa ni uoni ukiwa umevaa miwani: 6/12 kwa kila jicho kwa daraja la pili, 6/9 kwa daraja la kwanza, na ukiruka uwe na miwani ya akiba mfukoni. Yule kijana wa Ishihara, viwango vya kimataifa vinamwachia nafasi ya daraja la pili la kuruka mchana tu. Lakini yeye alitaka ndege za abiria, na mlango huo ulikuwa umefungwa kabla hajaugusa.

Usimfiche daktari chochote. Pumu, kifafa cha utotoni, dawa unazomeza, vyote vitaje. Ukificha, lile ulilolificha linapanda nawe hadi futi 9,000.

Hatua ya 2: Leseni ya mwanafunzi

Umri ni miaka 16 kwa leseni ya mwanafunzi na miaka 17 kwa PPL yenyewe. Bila leseni ya mwanafunzi na cheti cha afya hai, hakuna mwalimu anayeruhusiwa kukuachia ndege peke yako, kwa hiyo omba mapema. Usingoje hadi mwalimu aseme uko tayari.

Hapa pia linaingia suala la Kiingereza, ndiyo lugha ya redio. Kiwango cha chini ni cha 4 katika ngazi sita za kimataifa. Ukipata cha 4 unapimwa upya kila miaka mitatu, cha 5 kila miaka sita, na cha 6 hupimwi tena. Vijana wetu wanajua Kiingereza. Kinachowashinda ni kasi ya mwongoza ndege na sauti inayokatika. Kama unaishi karibu na uwanja, omba hedifoni hangani, kwenye banda la ndege, ukae usikilize mnara kwa saa nzima huku ukiandika kila agizo. Wiki mbili za hivyo zinafaa kuliko mwezi wa kukariri.

Hatua ya 3: Chuo

Chuo kiwe na idhini ya KCAA. Omba kukiona cheti chenyewe na tarehe yake. Kisha uliza ndege ngapi zinaruka leo, na wanafunzi wangapi wanazigombania. Ndege iliyovuliwa injini nyuma ya hanga haifundishi mtu. Na lipa kwa mafungu madogo.

La logibuku, daftari la kuandikia kila safari ya rubani, nalisema kwa uchungu. Chuo nilichoanzia mimi kilifunga shughuli ghafla, na saa sita zangu zilikuwa bado hazijatiwa sahihi na mwalimu. Nilikuwa naambiwa, "Tutazijaza Ijumaa." Ijumaa haikufika. Saa hizo nilizirudia zote kwa pesa zangu. Kwa hiyo ndege ikizimwa, kabla hujafungua mkoba wa chakula, andika tarehe, usajili wa ndege, ulikotoka, ulikofika, dakika, na zoezi mlilofanya. Mpe mwalimu kalamu palepale. Jioni piga picha ukurasa huo.

Hatua ya 4: Nadharia

Masomo ni tisa: sheria ya anga, ujuzi wa ndege kwa jumla, uwezo wa ndege na upangaji wa safari, mwili na akili ya binadamu, hali ya hewa, uongozaji wa safari, taratibu za uendeshaji, kanuni za kuruka, na mawasiliano ya redio. Anza na hali ya hewa. Ndilo somo linalokutana nawe kila asubuhi, hasa Nairobi kati ya Juni na Agosti, mawingu yanapolala chini mpaka saa nne na wanafunzi wote wamekaa kwenye benchi wakitazama juu.

Jambo moja linalowapa taabu watu wanaofikiri kwa saa za Kiswahili ni saa ya dunia, UTC, inayotumika kwenye mpango wa safari na kwenye taarifa za hali ya hewa. Vitabu vinakufundisha kutoa 3 kwenye saa za Kenya. Sisi tuna njia fupi zaidi: chukua saa ya Kiswahili ya mchana, ongeza 3. Saa mbili asubuhi ni 0500. Saa nne ni 0700. Saa tisa alasiri ni 1200. Nimewaona wanafunzi wakikokotoa kwa vidole huku jibu linasomeka kwenye saa ya babu yao.

Hatua ya 5: Kuruka na mwalimu

Saa za chini kabisa ni 40. Sijawahi kumwona mwanafunzi wa Wilson, uwanja mdogo wa ndege wa Nairobi, akimaliza kwa 40 kamili, na nakushauri upange bajeti ya 55 au 60. Sababu moja ni msongamano wa ndege, maana Wilson ina ndege nyingi na utangoja zamu huku injini inakula mafuta. Sababu kubwa zaidi ni kimo.

Uwanja wa Wilson uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho, joto la kawaida kwenye majedwali ni nyuzi 4. Sasa ikifika mchana wa Februari, kipimajoto kinasoma 26. Tofauti ni nyuzi 22. Kila nyuzi moja inaongeza kama futi 120. Zidisha, jumlisha: ndege yako inajihisi iko zaidi ya futi 8,000 kabla haijaondoka ardhini. Injini inavuta hewa nyepesi, propela inashika hewa nyepesi, mbawa vivyo hivyo. Cessna 172 iliyojaa watu wanne na matangi yote inaweza kukukatalia kabisa, na uzio wa mbuga ya Nairobi hauko mbali.

Ndiyo maana hapa tunafanya jambo ambalo aliyejifunzia usawa wa bahari huwa hajazoea: kabla ya kuruka unafungua nguvu zote ukiwa umesimama juu ya breki, kisha unavuta polepole kitasa chekundu cha mchanganyiko wa mafuta hadi mizunguko ya injini ifike juu kabisa. Ukiuacha mchanganyiko mzito kama wa Mombasa, injini inabanwa na mafuta kupita kiasi, na nguvu uliyonayo kidogo inapungua tena. Kwenye kutua nako, mshale wa mwendo utasoma noti 65 (noti ni maili ya baharini kwa saa) kama kawaida, lakini ardhi itapita chini yako kwa kasi zaidi kuliko ulivyozoea Pwani. Amini mshale. Anayeamini macho anapunguza mwendo, na ndege iliyopunguzwa mwendo karibu na ardhi haina huruma.

Zoezi lingine nisilolisamehe ni kukagua mafuta. Asubuhi ya baridi, ingiza kikombe cha plastiki chini ya bawa, sukuma, kijaze, kisha kiinue dhidi ya anga. Petroli ya ndege ni ya samawati hafifu. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yakiwemo yatakaa chini kama ushanga usio na rangi, yakitetemeka mkono ukitetemeka. Ukiuona ushanga huo, mwaga, jaza tena, hadi kikombe kiwe rangi moja. Jihadhari na kikombe kisicho na mstari kabisa: huenda kimejaa maji matupu. Kinuse.

Hatua ya 6: Solo, yaani kuruka peke yako

Mwalimu ndiye anayeamua siku, na kwa kawaida hakuambii mapema. Mimi husimamisha ndege pembeni, nashuka, nafunga mkanda wa kiti changu kitupu usije ukanasa kwenye usukani, nabana mlango, kisha napiga paa mara mbili kwa kiganja. Jambo moja namkumbusha kila mwanafunzi: kilo zangu 80 hazimo tena. Ndege itapanda upesi kuliko jana, na utafika kwenye kimo cha kuzungukia uwanja kabla hujategemea. Usishtuke.

Kati ya saa 40, angalau 10 ziwe za solo.

Hatua ya 7: Safari ndefu ya peke yako

Katika hizo 10, tano ziwe za safari, na moja iwe ya maili 150 za baharini au zaidi, yenye kutua na kusimama kwenye viwanja viwili tofauti na ulikotoka. Anayeanzia Mombasa ana njia nzuri: Malindi, kisha Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, kisha kurudi. Ni zaidi ya maili 260. Soma kwanza matangazo ya siku hiyo kwa marubani, kwa sababu anga ya upande wa Lamu inaweza kuwekewa masharti.

Alama zake zinaonekana hata bila ramani. Kilifi ina hori na daraja. Ukipita tu Malindi utaona mdomo wa Sabaki, maji ya udongo yakisukuma bahari ya buluu, hasa baada ya mvua za bara. Kisha Ngomeni, kisha ghuba ya Ungwana. Hapo ndipo penye jaribu: mstari ulionyooka kwenye ramani unakata ghuba juu ya maji. Usiufuate. Ndege ya injini moja, injini ikizima, inateleza kama maili moja na nusu kwa kila futi 1,000 za kimo. Fuata ufuo kupitia Kipini, uwe na mchanga wa kutua daima.

Halafu upepo. Kusi likivuma, sema linakusaidia kwa noti 15 ukielekea kaskazini, na ndege yako inakwenda noti 100. Maili 80 kutoka Malindi utazimaliza kwa dakika 42. Ukirudi, maili zilezile zinakuchukua dakika 56, na mafuta ni kwa dakika. Nahodha wa jahazi aliyajua haya zamani: hakupanga safari ya kurudi kwa kipimo cha safari ya kwenda. Mwanafunzi wangu hatui popote akiwa na mafuta ya chini ya saa moja tangini, kanuni iseme inavyosema.

Hatua ya 8: Mtihani wa vitendo

Mtahini aliyeidhinishwa atakuhoji mezani kwanza: karatasi za ndege, uzito, hali ya hewa, sheria. Kisha mtaruka. Atakupunguzia nguvu za injini ghafla aone unachagua uwanja gani wa dharura. Atakutaka ubadilishe safari katikati ya njia. Mtafanya kona kali na mazoezi ya ndege kupoteza mnyanyuo. Ukikosea, sema umekosea, sahihisha, endelea kuirusha ndege. Wengi niliowaona wakianguka mtihani walikuwa bado wanalia na kosa la dakika kumi zilizopita.

Leseni ikishatoka

Kadi peke yake haikuruhusu kubeba mtu. Cheti cha afya kiwe hai siku hiyo. Kadiri umri unavyosonga, muda wake unafupishwa, basi tazama tarehe kabla ya kila safari. Na ndani ya siku 90 zilizopita uwe umeruka na kutua mara tatu. Ukiwa umepitwa, panda peke yako au na mwalimu, fanya mizunguko mitatu, andika logibuku, kisha ndiyo umwite mama yako aje apande.