SOMO: Ndege ya mabawa mawili uliyojiundia, jirani na anga yenye msongamano

Wakuu, swali la "hivi naweza kurusha ndege niliyoiunda mwenyewe karibu na uwanja mkubwa?" nimelijibu hadi nimechoka. Jibu ni ndiyo, na utaratibu ni huu. Natumia sheria za Marekani, ambako ndege nyingi za mabawa mawili (moja juu ya jingine) kama Pitts Special, Skybolt na Acro Sport zimeundwa na watu binafsi.

1. Maliza saa za majaribio kwanza, mbali na miji. Kwa kawaida ni 40, au 25 kama injini na propela ni jozi iliyoidhinishwa.

2. Ramani mpya. Ya zamani itupe.

3. Transponda (kifaa kinachoijibu rada) inayotoa kimo, pamoja na ADS-B Out (kifaa kinachotangaza mahali ndege ilipo), inayodaiwa tangu Januari 1, 2020. Vyote vinahitajika ndani ya maili za baharini 30 kutoka uwanja mkuu wa anga ya Bravo (anga inayodhibitiwa kuzunguka viwanja vikubwa kabisa). Ndege ambayo tangu kuundwa haina umeme unaozalishwa na injini ina msamaha, ila msamaha huo haukuingizi ndani ya Bravo. Transponda hupimwa kila miezi 24.

4. Mwite muongozaji wa ndege kwa redio. Hapa ndipo marubani wazuri wanapoharibu, kwa hiyo someni taratibu. Kwenye Charlie na Delta (anga za viwanja vidogo kuliko vya Bravo), muongozaji akikujibu kwa kutaja namba ya ndege yako, mawasiliano yamekamilika na unaingia, hata kama ameongeza "subiri", mradi hajakwambia ubaki nje. Akisema tu "ndege inayoita, subiri", wewe bado uko nje. Bravo ina sharti lake. Kutajwa namba hakutoshi. Kupewa msimbo wa transponda hakutoshi. Kuambiwa "nakuona kwenye rada" hakutoshi. Lazima usikie kwa masikio yako kwamba umeruhusiwa kuingia Bravo, na usiposikia, uliza.

ONYO: chagua mapema mahali pa kusubiria, pa wazi na mbali na mpaka. Anayeanza kutafuta pa kuzungukia akiwa mstarini huvuka bila kujua.

ONYO lingine: Bravo hupanuka kadiri inavyopanda, kwa hiyo pembeni ina upenu unaopita chini yake. Usiruke umegusa dari. Hewa ya joto huinyanyua ndege nyepesi futi 200 wakati umeinamia ramani. Mimi hubaki futi 500 chini ya upenu, na altimeta (kipima kimo) naiweka kwa kipimo cha mgandamizo cha hapo hapo.

5. Unapoingia au kutoka uwanja wenye mnara wa waongozaji, waambie ndege yako ni "experimental" (ya majaribio). Ni sheria. Ongeza na kasi yako ya kutua. Mabawa mawili, nguzo na nyaya vinakamata hewa sana; ukipunguza moto ndege inashuka upesi. Muongozaji akilijua hilo atakupangia nafasi inayokufaa.

6. Macho. Bawa la juu linaficha upande unaogeukia, la chini linaficha walio chini yako. Yumbisha ndege kidogo kulia na kushoto, tazama, ndipo ugeuke.

7. Nyuma ya ndege kubwa, baki juu ya njia yake na uguse ardhi mbele zaidi, ukishapita pale ilipogusa.

MASWALI

Mrukaji: Nikizima transponda si hawatanijua?

Jibu: Hapana. Rada bado inaweza kuiona injini yako na mabomba ya chuma. Asiyekuona ni mtambo wa kuepusha kugongana ulio kwenye ndege ya abiria, kwa sababu unategemea majibu ya transponda yako. Usizime.

Mrukaji: Nimeuliza tu mkuu. Na Bravo nikishaitwa namba naingia, sivyo?

Jibu: Hatua ya 4. Isome.

Dada Turubai: Redio ikifa nikiwa nakaribia kutua kwenye uwanja wenye mnara?

Jibu: Swali zuri dada. Weka 7600 kwenye transponda (msimbo wa redio iliyokufa), endelea kuirusha ndege, angalia mnara. Taa ya kijani isiyomemeta: tua. Nyekundu isiyomemeta: mpishe mwingine, endelea kuzunguka. Nyekundu ya kumemeta: uwanja si salama, usitue. Wajibu kwa kuyumbisha mabawa.

Dada Turubai: Asante. Yangu ina ngozi ya kitambaa na redio hafifu. Vinahusiana?

Jibu: Mara nyingi ndiyo. Antena ya fimbo inahitaji uso wa chuma chini yake, na kitambaa hakitoi hilo. Kwenye megahezi 120 wimbi lina mita 2.5, robo yake ni sentimita 62 hivi. Tandaza ndani vipande vinne vya karatasi ya alumini vya urefu huo, vikitoka kwenye kitako cha antena kwa pande nne, viunganishwe na kitako. Transponda hutuma kwa megahezi 1090. Kwake robo ni karibu sentimita 7, bamba dogo latosha.

Fundi Nguzo: Naongezea: chumba cha rubani kikiwa wazi, upepo huwasha kipaza sauti kinachojifungua kwa sauti. Tumia kitufe.

Jibu: Kweli kabisa fundi. Na kipaza sauti kiguse mdomo, kivalishwe sifongo.

Dada Turubai: Sifongo nene au nyembamba?

Jibu: Anza na nene. Mwombe mtu akusikilize ukiwa chini, injini ikiwa imepandishwa, kabla hujaruka.