Somo: Tathmini ya wafanyakazi inayogusa faida ya kampuni

Fomu inayojazwa Desemba ili faili litimie haimsaidii mtu. Tuchukue mfano wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi.

Hatua ya 1: Anza na mkakati. Tuseme mali nyingi iko kwa wateja waliokopa, na mwaka huu mwenye duka anataka madeni yalipwe ndani ya siku 30. Sentensi hiyo moja inatosha.

Hatua ya 2: Ishushe hadi kwa mtu mmoja mmoja. Afisa mauzo apimwe kwa fedha iliyoingia, si kwa ankara alizotoa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: bosi analilia fedha taslimu huku kamisheni inalipwa kwa ankara. Afisa atafuata kamisheni, na sioni kosa lake. Dereva naye yumo: arudishe hati ya kupokea mzigo iliyosainiwa siku hiyohiyo, maana bila saini mteja hulikana deni. Mhasibu awakumbushe wadaiwa kila wiki.

Hatua ya 3: Kaeni kupitia malengo hayo kila robo mwaka, msingoje Desemba.

Hatua ya 4: Linganisha alama na hesabu za kampuni. Kama wote wamepata "bora sana" na duka limepata hasara, kibovu ni kipimo.

MASWALI YA WANACHAMA

Tukipima kwa namba, watu si watachakachua?
Watachakachua, hasa ukiwabana. Wafanyakazi wa benki ya Wells Fargo, Marekani, walishinikizwa kuuza akaunti nyingi, wakafungua nyingine bila ridhaa ya wateja. Mwaka 2016 benki ilitozwa dola milioni 185. Kwa hiyo kagua na ubora: mteja mwenyewe anajua alichouziwa?

Mkuu, OPRAS, ule mfumo wa zamani wa kupima utendaji wa watumishi wa umma Tanzania, si ilikuwa hivi hivi?
Kwa nia, ndiyo. Mtumishi na msimamizi walitakiwa kukubaliana malengo yanayotoka kwenye mpango wa taasisi. Wengi wakaigeuza karatasi za kupandia daraja. Sasa kuna PEPMIS, mfumo wa kompyuta uliochukua nafasi yake, lakini ukinakili malengo ya jirani, mfumo wa kompyuta hautakuokoa.

Na mfanya usafi nimpimeje kwa mkakati wa madeni?
Usimlazimishie. Mpime kwa usafi.