Kusimamia utafiti wa afya ya viziwi: hatua kwa hatua, kuanzia pendekezo hadi kurudisha matokeo

Miradi mingi ya aina hii huharibika kabla mshiriki wa kwanza hajahojiwa. Mtafiti anaandika pendekezo, anapata fedha, anatengeneza hojaji, kisha wiki mbili kabla ya kwenda uwandani ndipo anaanza kuulizia mkalimani. Mimi ni mtu anayesikia, na nimeratibu miradi ya afya bega kwa bega na watafiti viziwi kwa miaka kadhaa. Karibu kila kosa lililotugharimu lilianzia hapo: lugha ya alama ilihesabiwa kuwa huduma ya kuongezwa mwishoni, wakati ndiyo lugha ambamo kazi nzima inafanyika. Mpangilio wa hatua zinazofuata unatokana na hilo.

Hatua ya 1: Andika kwa sentensi moja unamtafiti nani

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya upotevu wa usikivu unaozidi desibeli 35 katika sikio lililo afadhali. Ndani ya hesabu hiyo yumo mzee aliyeanza kupoteza usikivu akiwa na miaka 70, na yumo kijana aliyezaliwa kiziwi ambaye hata ndoto huziota kwa alama. Wote wawili hupata shida hospitalini, lakini shida zao hazifanani. Ukiwatia kapu moja, wastani utakaoupata hautamweleza yeyote kati yao.

Maswali mafupi ya Kundi la Washington, kundi la kimataifa la takwimu za ulemavu, yanayotumika katika sensa nyingi, yako sita, na moja linauliza kama mtu anapata ugumu wa kusikia hata akiwa na kifaa cha usikivu. Lugha yake haiulizwi. Kwa hiyo ongeza matatu: amekuwa kiziwi tangu umri gani, anaelewa vizuri zaidi kwa lugha gani, na alianza kuitumia lugha hiyo akiwa na miaka mingapi. Hilo la tatu usiliache. Watoto viziwi walio wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na nyumba isipokuwa na lugha ya alama, mtoto anaweza kufika shuleni hana lugha hata moja aliyoimiliki. Watu wawili wenye masikio sawa wakatofautiana sana kiafya ukubwani, jibu la swali hilo ndilo litakalokuonyesha njia.

Kama utawashirikisha viziwi wasioona, wapangie wakalimani wa alama za mguso na muda wao wenyewe. Na kuhusu majina: waulize wanajamii wanapenda kuitwaje. Wengi watakuambia viziwi, bila kuzunguka. Neno bubu lisionekane popote kwenye karatasi za mradi.

Hatua ya 2: Madaraka na fedha

Tafuta mtafiti kiziwi awe msimamizi mwenza kabla pendekezo halijaandikwa, naye awe na sauti katika matumizi ya fedha. Mjumbe wa kamati ya ushauri anayeitwa mara mbili kwa mwaka hatoshi. Mfadhili akiuliza sababu, mwonyeshe Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006: ibara ya 25 inahusu afya, na ibara ya 31 inahusu ukusanyaji wa takwimu.

Mfano ninaopenda kuwapa wafadhili unatoka Rochester, katika jimbo la New York. Mwaka 2008 watafiti na jamii ya viziwi ya huko waliendesha uchunguzi wa afya kwa kompyuta: mshiriki anatazama swali kwa video ya lugha ya alama, anagusa jibu lake. Walipolinganisha na wakazi wengine, yalijitokeza mambo matatu yaliyozidi kwa viziwi: unene uliopitiliza, ukatili ndani ya mahusiano, na majaribio ya kujiua. Mtu atafikaje kumwambia mgeni habari za kupigwa na mwenzi wake, mbele ya mkalimani anayemfahamu? Mbele ya skrini, kwa lugha yake, inawezekana.

Katika bajeti, ukalimani uwe na mstari wake wenyewe. Ukiuficha ndani ya "mengineyo" utakuwa wa kwanza kukatwa. Kikao kirefu kinahitaji wakalimani wawili wanaopokezana kila baada ya dakika 20 hivi, kwa sababu mtu akichoka, tafsiri inaharibika kabla yeye mwenyewe hajagundua. Weka pia mishahara ya watafsiri viziwi, kamera, hifadhi ya video, na gharama ya kurudisha matokeo kwa lugha ya alama.

Jambo dogo la vikao, ambalo watu wanaosikia hulisahau kila siku: macho ni yale yale mawili. Ukifungua jedwali kwenye skrini huku unaendelea kuongea, mwenzako kiziwi lazima achague, ama jedwali ama mkalimani. Onyesha, nyamaza, subiri asome, kisha endelea.

Hatua ya 3: Kutafsiri hojaji

Hapa ndipo unapaswa kutumia muda mwingi kuliko popote, na nitaeleza kwa kirefu kwa sababu tuliumia.

Kwenye mradi wangu wa kwanza tulikuwa na swali lililoonekana jepesi: "Je, unapata maumivu ya mara kwa mara?" Mkalimani aliyelitafsiri papo kwa papo aliiweka alama ya maumivu karibu na kichwa. Katika lugha nyingi za alama, maumivu huonyeshwa pale pale yanapouma: kichwani, tumboni, gotini. Washiriki wakajibu walichoulizwa, yaani kama wanaumwa kichwa. Mama mmoja alijibu hapana, na mahojiano yalipokwisha akainuka polepole, ameshika kiuno kwa mikono miwili. Mwenzangu kiziwi alimwona, akamuuliza, naye akaeleza mgongo uliokuwa ukimsumbua mwaka mzima. Swali hilo tuliliondoa kwenye uchambuzi wote.

Tangu hapo tunafanya hivi. Watafsiri viziwi wawili, kila mmoja peke yake, wanatafsiri hojaji kwa alama na kujirekodi. Wanakutana, wanatazama video zao, wanabishana hadi wakubaliane. Mtu wa tatu, ambaye hajaiona hojaji ya maandishi, anairudisha video ile kwenye maandishi. Tunalinganisha. Kisha tunaijaribu kwa viziwi wasiozidi 10 wa umri na elimu tofauti, na kila mmoja anaombwa aeleze kwa alama zake ameelewa ameulizwa nini. Toleo la mwisho linarekodiwa, na washiriki wote wanaliona hilo hilo. Hakuna tena tafsiri ya papo kwa papo.

Jihadhari na nahau. "Kuvunjika moyo" ikifanywa alama kwa alama, mtu anaweza kudhani unamuuliza kuhusu ugonjwa wa moyo. Jihadhari na muda pia. Hojaji ya sonona inayoitwa PHQ-9 ina maswali 9 yanayohusu wiki 2 zilizopita. Katika lugha ya alama wakati hutangulizwa, basi ziwekwe wiki hizo mwanzoni na zikumbushwe katika kila swali. Uso nao huuliza. Mtafsiri akikunja sura ya huzuni anapotaja jibu la "karibu kila siku", ameshampa mshiriki dokezo.

Halafu kuna swali la magonjwa ya ukoo. Mtu anayesikia hujua kwamba bibi yake alikuwa na kisukari kwa sababu alisikia watu wazima wakizungumza mezani. Kiziwi katika familia isiyotumia alama alikuwa amekaa meza hiyo hiyo, akaona midomo ikicheza, na alipouliza akaambiwa "tutakueleza baadaye". Kwa hiyo weka majibu matatu yaliyotengana: hapana, sijui, na sikuambiwa. Ukiyaunganisha utapata takwimu inayoonyesha ukoo wenye afya njema, ilhali habari ya ukoo huo haikumfikia mtu wako.

Hatua ya 4: Ridhaa na usiri

Fomu ya maandishi pekee haitoshi, hata kwa kiziwi aliyesoma, maana lugha ya maandishi kwa wengi ni lugha ya pili. Tengeneza video ya maelezo na mshiriki atoe ridhaa yake kwa video. Usichukue kuitikia kwa kichwa kuwa ndiyo. Kiziwi anapoitikia kwa kichwa wakati unaeleza, mara nyingi anakuambia "nakufuata, endelea". Mwombe akueleze mwenyewe: video yangu itakwenda wapi, nani ataiona, nikitaka kujitoa nifanyeje. Akishindwa kueleza, kasoro iko kwenye maelezo yako. Rudia kwa njia nyingine.

Gawa ridhaa mara tatu: kushiriki, kuhifadhiwa kwa video, na kuonyeshwa kwa video mbele ya watu. Mtu ana haki ya kukubali mbili na kukataa moja.

Kamati ya maadili itakuambia ufiche sura za washiriki. Ieleze mapema kwamba sura ni sehemu ya sarufi. Nyusi zikipanda au kushuka, kauli hugeuka swali. Ukiuziba uso, umefuta nusu ya maneno. Ukitaka kuonyesha nukuu hadharani, mpe kiziwi mwingine aisemee upya kwa alama, tena ikiwezekana mtu wa mbali. Na kufuta jina hakufichi mtu. Jamii za viziwi ni ndogo na watu wamesoma pamoja. Ukiandika kazi ya mtu, umri wake na idadi ya watoto wake, wenzake wamemjua tayari. Katika ripoti, changanya au punguza maelezo hayo.

Mkalimani anayemsindikiza mshiriki kliniki asitumike kwenye mahojiano yake. Kwa maswali ya uzazi na ukatili, mshiriki achague jinsia ya anayemhoji. Mhojaji akiwa kiziwi, na ndivyo inavyofaa, hakuna haja ya mkalimani chumbani kabisa. Na iwepo orodha ya mahali pa kumpeleka mshiriki anayefunguka kuhusu hatari, ambako atahudumiwa kwa lugha ya alama. Bila orodha hiyo, usiulize maswali hayo.

Hatua ya 5: Chumba na kamera

Dirisha lisiwe nyuma ya anayetoa alama, uso utakuwa giza. Nguo isiyo na mapambo, yenye rangi inayoachana na rangi ya ngozi. Kamera ionyeshe kuanzia kiunoni hadi juu kidogo ya kichwa, viwiko vikiwa wazi pande zote. Ukiweza rekodi kwa fremu 50 kwa sekunde, kwa kuwa vidole vinavyokwenda kasi huwa ukungu. Tazama dakika moja ya majaribio kabla ya kuanza, kila mara.

Hatua ya 6: Kutunza na kuchambua

Video ndiyo data yako. Tafsiri ya maandishi ni kivuli chake, kwa hiyo usiifute video mapema kuliko ridhaa inavyosema. Kwa unukuzi tunatumia ELAN, programu ya bure iliyotengenezwa katika taasisi ya Max Planck huko Nijmegen, Uholanzi. Inakuwezesha kufunga maelezo kwenye sekunde husika ya video. Saa moja ya mahojiano inaweza kula siku nzima ya kazi na zaidi, ipangie hivyo. Msimbo wowote, yaani lebo unayoipa sehemu ya mahojiano kulingana na maana yake, upitiwe na angalau mchambuzi mmoja kiziwi.

Ili uzungumze juu ya pengo la afya lazima uwe na kundi la kulinganisha, na umri na elimu uzingatiwe. Chagua mapema maswali ambayo uchunguzi wa afya wa taifa umeshawauliza watu wote.

Hatua ya 7: Rudisha matokeo kabla ya ripoti

Itisha mkutano kwa lugha ya alama, washiriki waone matokeo kabla hayajafika kwa mfadhili. Katika mkutano mmoja tulionyesha mchoro uliosema vijana viziwi wengi hukosa miadi yao ya kliniki. Kijana mmoja alisimama akatuonyesha kwa mikono: amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, muuguzi anatoa kichwa mlangoni, mdomo unafunguka, mtu wa nyuma yake anaingia. Mdomo unafunguka tena, mwingine anaingia. Jua linashuka. Anarudi nyumbani, na kwenye daftari ameandikwa hakufika.

Ukumbi mzima ulikuwa unainua mikono: hata mimi, hata mimi. Tulirudi kwenye data, tukatenganisha walioshindwa kufika na waliofika wasionwe, na sura nzima ya ripoti ikaandikwa upya. Ilituchukua wiki tatu. Ziweke wiki hizo kwenye ratiba yako tangu unapoandika pendekezo.