Jinsi ya kuchota tope la ziwa upeleke maabara kupima zebaki na risasi

Wenzetu wa pwani wanachota tope kwenye mikoko, sisi Mwanza mikoko hatuna ila mafunjo na matete yapo na kazi ni ileile, yanapunguza nguvu ya maji, tope laini linatulia kwenye mizizi na metali nzito kama zebaki na risasi zinanasa humo. Kwa hiyo usikimbilie mchanga wa ufukweni kisa pamekaa vizuri, mchanga haushiki kitu, majibu yatakuja safi utaenda kuwadanganya watu.

Chagua sehemu tatu hivi. Mfano pale mto Mirongo unapomwaga ziwani baada ya kukatiza mjini, nyingine mbele kidogo, halafu moja mbali kabisa na mji, magereji na wachenjuaji wa dhahabu. Hiyo ya mwisho ndo ya kulinganishia, bila hiyo huna hoja.

Vaa gambuti na glavu ndefu, maji ya pembeni yana kichocho. Chota kwa kijiko cha plastiki, koleo la bati hapana maana lenyewe linaachia metali zake ukapima koleo badala ya ziwa. Unataka tope la juu tu, sentimita 5 za mwanzo, huo ndo uchafu wa karibuni. Chota madonge matano eneo moja, changanya kwenye beseni la plastiki, toa mizizi na makonokono. Andika lebo kwa penseli, peni ikilowa imekwisha.

Sasa zebaki ndo ina visa, inaruka hewani. Fungu lake weka kwenye chupa ya kioo, jaza mpaka juu, funga, tia kwenye deli la barafu na usianike juani wala kuweka ovena eti lifike kavu, waachie maabara wenyewe.

Waambie maabara unataka majibu kwa miligramu kwa kilo ya tope kavu, na usilinganishe na viwango vya baharini. Kwa maji baridi vinavyotumika sana ni hivi, risasi chini ya 35.8 na zebaki chini ya 0.18 viumbe wa tope hawadhuriki kirahisi, ikipita 128 kwa risasi au 1.06 kwa zebaki hapo kuna shida. Na hayo ni majibu ya tope jamani, sio ya samaki, kama unachotaka kujua ni sangara anayeliwa nyumbani basi peleka mnofu wake upimwe peke yake.