Mbunge na kero ya maji: kutoka mchango hadi kushika shilingi

Bajeti za wizara hujadiliwa Dodoma kuanzia Aprili hadi Juni, kabla ya mwaka mpya wa fedha Julai 1. Katika mchango wako, yaani hotuba yako kwenye mjadala huo, chagua kero moja. Dakika ni chache, na "taarifa" za wenzako, yaani wabunge wanaosimama kukukatiza ili kukupa maelezo, hukata mtiririko. Taja kata, mradi, fedha iliyoidhinishwa mwaka jana na iliyofika kweli. Pengo hilo humbana waziri kuliko kelele.

Majibu yakiwa ya juujuu, subiri Kamati ya Matumizi, Bunge zima linapokaa kama kamati kupitia mafungu ya bajeti ya wizara. Simama kwenye mshahara wa waziri, omba ufafanuzi wa kisera, na usiporidhika shika shilingi, yaani toa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara huo ili suala lijadiliwe. Ukiuliza kisima kimoja tu, utaambiwa hiyo si sera. Wengi huiachia shilingi kwa ahadi tamu isiyo na tarehe. Dai tarehe kwanza.