Unataka kuweka makazi ya samaki Ziwa Victoria? Soma hii kabla hujazamisha hata tawi moja

Wadau, naona watu wengi samaki wakipungua roho inawauma, wanajichanga wenyewe, wanakata matawi, wanabeba mawe, wengine mpaka matairi, wanaenda kuzamisha ili samaki wapate pa kujificha na kuzaliana. Nia ni nzuri kabisa. Ila ziwa ni la umma, sio bwawa lako la nyumbani, na kitu kikishafika chini kukitoa ni kazi ya kupiga mbizi. Hapa naongelea upande wetu wa Tanzania.

Anza mwaloni kwako, pale mitumbwi ya uvuvi inapofikia, kwa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi wa mwalo. Usikimbilie wilayani. Hao ndio wanajua mitumbwi inapita wapi, nani anatega wapi, na sehemu gani tayari ni mazalia. Omba ajenda kwenye kikao, watu wabishane hapohapo, muhtasari uandikwe na usainiwe, maana hiyo ndio karatasi yako ya kwanza na bila hiyo hata ukipewa kibali cha juu wavuvi watang'oa kila kitu usiku mmoja.

Ukishapata muhtasari nenda kwa afisa uvuvi wa wilaya, yeye anasimamia Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na kanuni zake. Halafu Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, halafu NEMC, baraza la taifa la mazingira, kwasababu Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa na wao ndio watakwambia mradi wako unahitaji tathmini au barua inatosha. Beba mchoro wenye vipimo vya GPS, kina, vifaa utakavyotumia na idadi yake, na majina ya watakaolinda. TAFIRI Mwanza, taasisi ya utafiti wa uvuvi, nao wapitie, ushauri wao utakuokoa na makosa ya kitaalamu.

Sasa sehemu, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Sato (tilapia) dume anachimba kiota chake kwenye mchanga, maji mafupi, jike akishataga anabeba mayai mdomoni. Ukienda kumwaga mawe juu ya huo mchanga hujamjengea, umembomolea. Ukipita asubuhi ziwa limetulia utaviona vile vishimo vya duara kama mabakuli yamepangwa chini, sehemu hiyo iache kama ilivyo. Mawe yanafaa pale penye miamba tayari, kama pembeni ya vile visiwa vya Mwanza, maana mbipi na furu wengine wa mawe, samaki wadogo wa ziwa hili, wanaishi kwenye nyufa. Mdomo wa mto usiuguse kabisa, samaki wanaoitwa ningu wanapandia hapo mvua zikianza kwenda kuzaa huko juu. Na usiende kina kirefu ukidhani ndio kuna utulivu, maji ya chini kabisa kuna miezi yanakosa hewa, samaki hawakai. Mita 2 mpaka 5 zinatosha. Kupima chukua kamba, funga jiwe, piga fundo kila mita.

Vifaa. Matairi hapana, jamani hapana. Marekani, pwani ya Florida, miaka ya 1970 walizamisha matairi kama milioni 2 wakisema ni nyumba ya samaki, vifungo vikakatika, yakaanza kuzunguka na mawimbi na kugonga matumbawe, mpaka miaka hii wanalipa watu kuyatoa. Mbao zenye rangi au dawa hapana, mabati hapana, nyavu chakavu hapana, hizo zinaendelea kuua hata kama hamna mwenyewe. Matawi ndio mazuri ila chagua mti, usichukue minyaa wala utupa, wazee walikuwa wanavulia samaki kwa hiyo sumu! Gugu maji nalo usilipeleke hapo hata kama mtu anakwambia vifaranga vinapenda kivuli chake.

Namna ya kufanya: loweka matawi pembeni wiki kadhaa mpaka uone yanazama yenyewe, ndipo ufunge mafungu kwa kamba ya katani, uning'inize mawe. Katani itaoza, sawa, lakini kufikia hapo mti umeshalewa maji hauelei tena, wakati nailoni ingebaki inanasa nyavu za wenzako. Acha nafasi ya kiganja kati ya tawi na tawi, ukibana sana wadogo hawaingii, ukiachia sana sangara, anayewala, anaingia nao. Vaa buti ndefu, kichocho kipo, na mtumbwini vaeni jaketi za kuokolea.

Weka maboya yanayoonekana, na tangazeni mwaloni kwamba hapo havuliwi. Hili ndio roho ya kazi nzima. Fungu la matawi linakusanya samaki haraka, na kama mtu anakuja usiku kuzungusha kokoro (wavu wa kukokota) au kupiga katuli (kupiga maji ili samaki wakimbilie wavuni), basi hujaongeza samaki, umemkusanyia mwizi. Mwalo mmoja niliwahi kuona ndani ya miezi michache tu limebaki boya, matawi yote yameenda kuwa kuni. Kwahiyo zamu za ulinzi zipangwe kabla ya fungu la kwanza kuzama.

Na kama vibali vinachelewa, kuna kazi unaweza kuombea ruhusa BMU kwa urahisi zaidi: kurudisha mafunjo, yale majani marefu ya ukingoni mwa ziwa, pale yalipokatwa na kuchomwa. Ndani ya mafunjo hewa ya maji ni kidogo, sangara hawezi kuvumilia, furu wadogo wanaweza, wanajificha humo. Chimba vipande vya mizizi yenye macho kutoka kwenye shina lililo hai, hapohapo karibu, chomeka kwenye tope, zuia ng'ombe wasikanyage. Nilipofunua mabua ya msimu uliopita pembeni ya maji, vifaranga vya urefu wa kucha vilitawanyika pande zote, vikarudi vyote kivulini kabla sijaachia mabua.