Mkono Wako Unajulikana: Namna ya Kuiona Thamani Uliyonayo

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akipapasa ukili, ule utepe uliosukwa wa kushonea mkeka, gizani na kukwambia umesukwa na nani. Kwetu ni Konde, kaskazini ya Pemba. Usiku wanawake walikaa barazani na miyaa yao, majani ya kusukia, taa moja katikati, na asubuhi kili zote zimechanganyika kwenye pakacha moja. Bibi akichomoa mmoja mmoja: "Huu mkono wa mama yako. Huu wa jirani. Huu wako weye, umekaza mno." Miyaa ilikuwa ileile, imekatwa kwenye mikindu ileile na kuanikwa uwanja mmoja, lakini mkono wa mtu haukufichika.

Kwa huko kukaza nilikaripiwa sana. Wenzangu walimaliza pima tatu, mie niko kwenye pima moja na nusu. Nikakua nikiamini mie ni mzito. Nimeolewa Unguja, nimezaa, bado naamini hivyo. Mpaka siku moja akaja mama wa mtaa wa pili, niliyemshonea msala, mkeka wa kusalia, miaka kumi na moja nyuma. Akanambia, "Bibie, ule msala haujafumuka hata pahala pamoja. Nataka mwengine, binti yangu anaolewa." Kile nilichokaripiwa ndicho alichokifuata.

Naandika haya kwa sababu ya mtoto wa dada yangu. Alivuka kutoka Pemba kuja kufanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya pwani. Mkubwa wake wa kazi akamwambia asiongee "Kipemba" mbele ya wageni, na wenzake wakawa wanamuigiza. Taratibu akanyamaza. Akija kwangu siku ya mapumziko anakaa na simu, anatazama maisha ya wengine. Siku moja akasema, "Mama mdogo, mie naona sina changu." Neno lile lilinikata maini. Tulichofanya miezi iliyofuata ndicho ninachokueleza hapa, nawe kifanye kama unajiona hivyo.

Anza na daftari dogo. Kwa siku saba, kila usiku kabla ya kulala, andika kitu kimoja tu: leo nani alinijia, na alitaka nini. Usiandike unavyojiona, maana ukijiona vibaya utaandika vibaya. Andika waliokuja. Yeye alileta daftari lake baada ya wiki, tukalisoma pamoja. Jumatatu, mpishi alikuja kumsimulia ugomvi wake na mkewe. Jumanne, mtunza bustani alimwita akazungumze na mgeni aliyefoka kwa sababu ya mzigo uliochelewa. Jumatano hakuna. Alkhamisi, msichana wa usafi alilia kwake, amefiwa. Na kadhalika. Siku tano katika saba, mtu mwenye hasira au huzuni alimtafuta yeye, na si mwengine.

Nikamuuliza, "Unaliona hilo?" Akanijibu, "Hilo si kitu, kila mtu anaweza."

Hapo ndipo pa kusimama. Neno la "hilo si kitu" likikutoka, lipigie mstari. Jambo linalokujia kwa wepesi huoni haja ya kulihesabu, kwa kuwa halijakutoa jasho, na wewe umezoea kuhesabu jasho tu. Tulipokuwa watoto, popo kwetu walikuwa kitoweo. Popo wakubwa wale, mbawa zikikunjuka hukaribia mita moja na nusu, tuliwaona wakining'inia kwenye miti mchana kutwa na hatukuwaza lolote. Walipungua sana kwa kuwindwa na kwa miti kukatwa, ndipo katika miaka ya 1990 watu wakaanza kuwalinda, na leo wageni hufunga safari hadi Kidike, huko huko Pemba, kwenda kuwatazama. Popo wale hawapo popote duniani isipokuwa Pemba. Sisi tuliokua chini yao ndio wa mwisho kujua.

Kwa hivyo la pili, tafuta macho ya watu wawili: mmoja aliyekulea, na mmoja ambaye hajakujua hata mwaka. Usiwaulize kama wewe ni mzuri, watakusifu na sifa haitakusaidia. Waulize hivi: "Nikiondoka hapa kesho, kitakwama nini?" Mchumba usimuulize, atakwambia utakalo. Dada yangu tulimpigia simu, na bila kufikiri akasema msimu wa karafuu mtoto huyu ndiye aliyekuwa akitumwa kwenye jamvi. Watu wakichambua, karafuu huku na makonyo, vile vikonyo vyake, kule, pishi zikipimwa, magomvi hayaishi. Anatumwa yeye, ana miaka minane, anakaa kati ya wawili waliokasirika na kuanza kuchambua nao kimya kimya, na sauti zinashuka. Mwenyewe hakukumbuka hata kidogo.

La tatu ni gumu, na ndilo nililokaa nalo zaidi: shughulikia kile unachochekwa. Usikitupe kabla hujajua nani anakihitaji. Kwake yeye kilikuwa lafudhi. Nikamweleza kwamba Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya Unguja mjini, kwa uamuzi uliofanywa Mombasa mwaka 1928, katika mkutano wa wakubwa wa enzi ya ukoloni. Wangeweza kuchagua Kimvita, lahaja ya Mombasa. Walichagua kwa kazi zao za vitabu na skuli, na uamuzi ule haukusema kwamba waliobaki wanakosea. BAKIZA, baraza letu la Kiswahili hapa Zanzibar, limechapisha kamusi za Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi. Maneno ya bibi yetu yamo kitabuni. Na mwaka huohuo wa 1928, mwimbaji Siti binti Saad, mtoto wa kijiji cha Fumba, Unguja, aliyekuwa akiuza vyungu, alivuka bahari hadi Bombay kurikodi nyimbo kwa Kiswahili, wakati tarabu ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu.

Lakini sikumwambia ashindane na mkubwa wake. Ana kazi, na kazi ina masharti. Nilimwambia achague mtu mmoja kwa siku moja, aongee naye kwa lugha yake kamili bila kuikwepa. Akaanza na wavuvi. Kuna Wapemba waliopiga dago, yaani kambi ya uvuvi, karibu na hoteli ile, wanaleta samaki jikoni alfajiri, na kila siku palikuwa na mabishano ya bei. Akatoka, akawaamkia kama wanavyoamkiana kwao, akauliza habari za watoto waliowaacha. Wiki ile mabishano yakapungua, na tangu hapo wakifika humuulizia yeye.

Najua wengi wetu visiwani tunaogopa kusema "hili naliweza", tusije tukaonekana na kibri. Hofu hiyo naiheshimu, mie mwenyewe ninayo. Ninavyoona mie, kibri ni kumdharau mwenzio. Kujua ulichopewa ni kujua amana iliyo mkononi mwako, na amana usiyoijua utaipoteza. Jichunguze hivi: tangu umelijua jambo lako, unawahudumia watu zaidi, au umeanza kuwapima wenzio? Ukianza kuwapima, funga daftari, pumzika.

Mwisho, lipe uzito mbele za watu. Zamani nilikuwa nikishusha bei ya mkeka wangu nikiogopa mikeka ya plastiki ya soko la Darajani. Sasa mteja akilalamika namweleza: miyaa inakatwa, inaanikwa, inachanwa, inachemshwa na rangi, ndipo isukwe na kushonwa, na mkono wangu mie unakaza, kwa hivyo hauendi mbio. Wengine huondoka. Wanaobaki hurudi na dada zao. Mtoto wa dada yangu naye alimwendea mkubwa wake na daftari mkononi, akaomba apewe kazi ya kusikiliza wageni wenye malalamiko. Hajajibiwa bado.

Juzi alikuja, akachukua miyaa yangu, akaketi kusuka kama tulivyosuka Konde. Umeme ukakatika. Nikanyoosha mkono nikaokota ukili sakafuni, nikaupapasa.

"Huu wako," nikamwambia.

"Umejuaje, Mama mdogo?"

"Pembeni umelegeza. Katikati umeshika."

Akaupokea, akaupapasa na yeye, akaendelea kusuka gizani.